Mke wa Fundi Umeme

Hakuna mtu aliyeniambia kwamba mume wangu amekufa. Walikuja nyumbani mchana wa siku ya kazi, mzee mmoja wa kanisa letu la Kiswahili, mke wake, na mama mwingine niliyekuwa nikiimba naye kwaya. Tulikuwa tunaishi Rexdale, huku Canada, kwenye ghorofa hili hili ninaloishi mpaka leo, na huku hakuna anayekuja kwako mchana wa siku ya kazi bila kupiga simu. Nikawakaribisha. Binti yetu, ambaye alikuwa mwaka wake wa kwanza chuoni na siku hiyo hakwenda, akaleta chai. Mzee akauliza habari za mgongo wangu. Mke wake akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akauliza nimekula nini.

Kisha mzee akasema, "Mama, tumeona tupite tuombe pamoja kidogo." Tukainamisha vichwa. Akaiombea nchi tuliyotoka na nchi tuliyomo, akawaombea wagonjwa na wasafiri, halafu kwa sauti ile ile, bila kupumua, akasema, "Na ndugu yetu huyu uliyemwita leo asubuhi, umpokee." Nikafumbua macho. Wao wote walikuwa wamefumba. Mume wangu alikuwa ametoka asubuhi kwenda kazini, kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Hakukuwa na ndugu mwingine ambaye wangenijia kwa ajili yake.

Baada ya hapo maneno yalikuwa mengi. Ametangulia. Ametutoka. Amelala. Mungu amempenda zaidi. Watu wa hospitali walizungumza na binti yangu, kwa sababu yeye ndiye mwenye Kiingereza cha kuzungumza na watu wa hospitali. Neno lenyewe hakulitamka mtu mbele yangu, na mimi sikuliuliza. Tukazika. Theluji ikaanguka juu ya kaburi, ikayeyuka, ikaanguka tena.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo, habari ya mimi kuwa mwigizaji haitaeleweka.

Nilitaka kuigiza tangu nikiwa shule ya msingi, Morogoro. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akitutungia michezo ya siku ya wazazi, na kila mwaka nafasi ya mzee mlevi ilikuwa yangu, ingawa nilikuwa msichana, kwa sababu hapakuwa na mvulana aliyejua kuyumba kama mimi. Baba yangu alikuwa karani wa reli. Alikuja kuniona mara moja, akakaa nyuma kabisa, akaondoka kabla mchezo haujaisha. Nyumbani alisema neno moja tu: "Basi." Kwake waigizaji walikuwa wahuni, na binti wa karani hakuwa mhuni. Nikaacha. Nikamaliza shule, nikaolewa, tukahamia Canada, nikaingia kiwanda cha mikate kando ya Barabara ya Islington, nikawa napanga mikate kwenye trei mpaka mgongo ukakataa.

Miaka yote hiyo mtazamaji wangu alikuwa mmoja. Jioni, jikoni, nilikuwa namwigizia mume wangu watu niliokutana nao: msimamizi wa zamu akijifanya hakuoni unapoomba ruhusa, mchungaji anavyosafisha koo kabla ya kutangaza michango, mama mmoja wa ghorofani kwetu ambaye kwenye lifti anasalimia mbwa wa watu lakini wenye mbwa hawasalimii. Mume wangu alikuwa akicheka mpaka anashika friji. "Wewe ulipotea njia," alikuwa akiniambia. "Ungekuwa kwenye runinga." Namwambia aache masihara. Lakini nilikuwa nikilala na maneno hayo.

Alipoondoka, sikuwa na wa kumwigizia tena.

Nilikaa hivyo miaka mitatu. Binti yangu akamaliza chuo, akapata kazi ya ofisini Markham, akaolewa, akahamia huko huko, akawa anakuja Jumamosi na gari lililojaa vitu kutoka dukani kama vile kwetu hakuna maduka. Nilijifunza kuoga na kuvaa kila siku hata kama siendi popote. Ni katika kutafuta mahali pa kwenda ndipo nilipoona tangazo kwenye ukuta wa maktaba ya mtaa wetu: darasa la uigizaji kwa wenye umri mkubwa, bure, njoo ulivyo. Nilisimama pale nikalisoma, nikaenda kukaa, nikarudi nikalisoma tena. Nilikuwa karibu kufika miaka sitini. Niliona aibu kama niliyeshikwa nikiiba.

Mwalimu alikuwa mama mrefu mwenye nywele nyeupe alizozikata fupi kama za mvulana, ambaye ujana wake aliwahi kuigiza kwenye runinga. Zoezi la kwanza alitutoa nje mmoja mmoja. "Huko nje umeambiwa jambo," alisema. "Usituambie ni jambo gani. Ingia tu, ukae." Wenzangu waliingia wakilia, wengine wakirukaruka kwa furaha. Mimi niliingia, nikavuta kiti, nikakaa, nikawaangalia. Mwalimu akaniuliza nimewahi kuigiza wapi.

"Jikoni," nikamwambia.

Yeye ndiye aliyeniambia kuhusu ile kazi. Kumbe wanafunzi wa udaktari, kabla hawajaachiwa wagonjwa wa kweli, wanafanyia mazoezi kwa watu wanaojifanya wagonjwa. Unapewa habari za mtu: anaitwa nani, anaumwa wapi, anaogopa nini, ni kitu gani hatakisema mpaka aulizwe vizuri. Unakaa kwenye chumba kidogo, mwanafunzi anaingia, mnazungumza, na nyuma ya kioo mtahini anatazama. Ikiisha unatoka kwenye nafasi ya yule mtu, unamwambia mwanafunzi jinsi ulivyojisikia alipokuwa akikuhudumia. Kisha anaingia mwingine, na wewe unaanza upya kama hujawahi kumwona daktari.

Nilikwenda kujaribiwa, wakanichukua. Nilianza na goti. Nikapewa kisukari, nikapewa kizunguzungu, nikapewa mama anayesema anaumwa tumbo kumbe kinachomuuma ni mwanawe asiyempigia simu. Nilikuwa nikipanda basi la Kipling mpaka treni, naingia mjini nikiwa nimeshaanza kuchechemea. Siku ya kwanza msimamizi alitoka kwenye korido na kuita, "Waigizaji, tafadhali, vyumba viko tayari." Wenzangu wakainuka. Mimi nikabaki nimekaa kidogo nikilisikiliza neno lile, kwa sababu aliyeitwa hivyo nilikuwa mimi.

Halafu nikapewa mke wa fundi umeme.

Msimamizi alinieleza kwa uangalifu. Mume wa mama huyu ni fundi umeme, amedondoka kazini, ameletwa hospitali, wamejaribu kumwokoa wameshindwa. Mama ameitwa. Amekaa chumbani, hajui. Mwanafunzi anakuja kumwambia. Akaniuliza kama kuna jambo la namna hiyo limewahi kunikuta, maana wana utaratibu wao, hawapendi kumtonesha mtu. Nikamweleza ukweli, kwamba mume wangu naye alidondoka kazini, miaka imepita. Aliniangalia. "Basi tutampa mwingine," akasema.

"Nipe," nikamwambia. "Nitaweza."

Na niliweza. Aliyeingia kwanza alikuwa kijana mrefu mwenye jasho kwenye viganja. Aliketi mbele yangu, akajitambulisha, akaniuliza ninajua nini mpaka sasa. Nikasema najua amedondoka. Akasema ana habari mbaya sana. Akanyamaza kidogo, kama walivyofundishwa. Halafu akasema mume wangu amekufa. Wanafundishwa kulitaja neno hilo, wasizunguke, wasiseme amepumzika wala ameondoka, maana mtu mwenye mshtuko anaweza kuelewa vingine. Kwa Kiingereza neno lenyewe ni fupi, linaisha kabla hujakaa sawa.

Sikulia. Nilimwuliza, "Nani yuko naye sasa?"

Swali hilo halikuwemo kwenye maelezo niliyopewa. Kijana akababaika, akasema hajui, atakwenda kuuliza. Baadaye mtahini alisema swali lile lilikuwa zuri sana, niendelee nalo. Nikaendelea nalo. Kila mwanafunzi aliyeingia nilimwuliza nani yuko naye, na kila mmoja alijibu kivyake, na mimi nilisikiliza majibu yote kwa makini, kama mtu ambaye kweli anataka kujua.

Lakini kilichonishika hakikuwa neno lile. Kilikuwa ni ule muda wa kabla yake.

Ili niigize vizuri, kila mara ilibidi niamini yuko hai. Mwanafunzi mmoja anatoka, mlango unafungwa, natulia, nafuta uso, na napaswa kumrudisha mtu wangu. Sikuwa na fundi umeme wa kumrudisha, kwa hiyo nilimrudisha niliyekuwa naye. Nilimlaza chumba cha jirani. Nikamvua viatu nikaviweka chini ya kitanda, kimoja mbele ya kingine alivyozoea. Nikamsikia analalamikia chai ya hospitali. Alikuwa na kikohozi chake kikavu, cha mtu anayetaka kusema jambo halafu anaahirisha, nami nilikaa kwenye kiti kile nikakisikia kupitia ukutani, wazi kabisa. Nilimkasirikia kidogo kwa kutonipigia simu. Nilipanga nitakachompikia akiruhusiwa. Kisha mlango unagongwa, anaingia mtoto wa watu mwenye koti jeupe, anamuua. Mlango ukifungwa, anakuwa hai tena.

Nikaanza kuomba siku zaidi. Msimamizi alifurahi, maana nafasi ile wengi waliikimbia. Mwalimu wangu wa maktaba alipopata habari alinipongeza, akasema nina kipaji cha kukaa ndani ya mtu. Sikumwambia kwamba sikuwa nimekaa ndani ya mtu yeyote. Nilikuwa nakwenda mjini kumtembelea mume wangu.

Siwezi kusema ni siku gani alianza kunifuata nyumbani. Kwanza kilikuwa kikohozi, bafuni, nikiwa napiga pasi. Niliinua kichwa na kusema, "Kuna maji ya moto," kisha nikaendelea kupiga pasi mpaka mwisho wa mkono wa shati kabla sijaelewa nimezungumza na nani. Baadaye nikawa nasikia lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu muda aliokuwa akirudi kazini, na nyayo zinazokuja mpaka karibu na mlango. Mlango haukufunguliwa. Nilikuwa najua hautafunguliwa, na bado nilizima jiko ili nisikie vizuri.

Sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka sasa. Siku moja kwenye basi nilikuwa nimeweka mkoba kwenye kiti cha pembeni yangu, basi limejaa, watu wamesimama mpaka mlangoni, baba mmoja mwenye kilemba akaniuliza kwa adabu kama kiti kina mtu. Nikamjibu, "Ndiyo, anakuja." Yule baba akaitikia kwa kichwa. Tukaenda hivyo vituo vingi, yeye amesimama na mkoba wangu umekaa, na mimi kila mlango ulipofunguka naangalia nani anapanda.

Binti yangu aliona Jumamosi moja. Alikwenda kwenye sinki akaona sahani mbili, vikombe viwili, vijiko viwili, vyote vimetumika, na mimi naishi peke yangu. Akaniuliza kwa Kiingereza nani alikuwa hapa. Yeye Kiswahili anakielewa chote, lakini hunijibu kwa Kiingereza tangu alipoanza shule.

"Hakuna mtu," nikasema.

"Mama, hiyo kazi inakufanya nini?"

"Inanifanya mwigizaji," nikamjibu, na kwa ukali uliotushangaza wote wawili. "Unajua nimeisubiri tangu lini?"

Akaosha vile vyombo, akavipangusa, akavirudisha kabatini kimoja kimoja.

Siku yalipokwisha yote hayo ilikuwa siku ya mtihani, si mazoezi. Watahini walikuwa wageni, wanafunzi wameingiwa na hofu, korido nzima inanuka kahawa. Walikuwa wamepita wengi. Aliingia msichana mfupi wa asili ya Kihindi, nywele amezifunga nyuma, koti limemzidi mabegani. Alijitambulisha vizuri. Aliuliza ninajua nini mpaka sasa. Nilipojibu, aliinua macho kutoka kwenye karatasi yake akanitazama mdomo.

"Samahani," akasema kwa Kiingereza, "unatoka wapi?"

Swali hilo halikuwemo kwenye mtihani. "Tanzania," nikasema, nikisahau kwamba mke wa fundi umeme hakuandikiwa nchi.

Akaangalia kioo, kisha akaniangalia mimi. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba," nikaitikia.

Hakuna mtu wa kwetu anayeweza kusikia shikamoo akanyamaza. Lilinitoka lenyewe, na lilipotoka yule mke wa fundi umeme akaondoka chumbani. Nilihisi akiondoka. Nilibaki kwenye kiti mimi, na sweta langu mwenyewe, na mikono yangu.

"Bibi yangu ametoka Mwanza," yule msichana akasema. "Mimi najua Kiswahili ya jikoni tu." Akatafuta la kusema. Nadhani alisema alichozoea kusikia kwa bibi yake. "Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Umekuja na nani?"

"Niko peke yangu."

Nilimwona anatafuta neno, na nilijua maneno yote anayoyakosa. Ningeweza kumpa. Amefariki. Ametutoka. Ametangulia. Tumempoteza. Hakuwa nalo hata moja. Kiswahili chake kilikuwa cha njoo ule, lete maji, funga mlango. Nyuma ya kioo sikusikia kitu.

"Sema tu, mwanangu," nikamwambia.

"Mama," akasema, "mzee yako amekufa."

Alilisema kama jikoni wanavyosema juu ya kuku. Alikuwa hajui namna nyingine.

Nilipaswa kumwuliza nani yuko naye. Badala yake nikasikia nauliza, "Lini?"

Aliangalia karatasi yake. Machozi yalikuwa yameshaanza kumshuka. "Leo asubuhi," akasema.

"Lakini nilikuwa nimemfungia chakula," nikamwambia. "Nimemfungia chakula mimi mwenyewe, ametoka nacho."

Sauti iliyofuata siwezi kuieleza. Sikuitoa mimi kama mwigizaji anavyotoa sauti, na sikuwa na uwezo wa kuizuia. Yule msichana alipiga magoti akanishika miguu, akawa anasema pole mama, pole mama, pole mama, mpaka mtahini akafungua mlango, na nyuma yake msimamizi, na mtu na glasi ya maji. Baadaye, nilipokuwa nimekaa kwenye chumba kingine na blanketi mabegani, nilimwona kwenye korido analia akidhani ameshindwa mtihani. Nilimwambia msimamizi amwandikie kwamba mgonjwa hana malalamiko.

Binti yangu alipigiwa simu, akaja kunichukua akitokea kazini kwake. Tuliingia barabara kuu, magari yamesimama kama kawaida ya saa ile, mvua nyembamba inapiga kioo. Tulikuwa tumefika karibu na nyumbani aliposema jambo, na alilisema kwa Kiswahili, Kiswahili chake kilichopindapinda ambacho sikuwa nimekisikia tangu akiwa mdogo.

"Mama, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile. Mimi nilijua kabla ya wao kuja."

Akanieleza. Mtanzania mmoja aliyekuwa akifanya kazi na baba yake kwenye ghala ndiye aliyempigia simu, kwenye simu yake yeye. Alimwambia. Akamwambia pia asinieleze, wazee wako njiani, ni vizuri habari ije na watu wazima. Ndiyo sababu hakwenda chuoni. Alitoka chumbani kwake akanikuta jikoni, na ilibidi akae na mimi mpaka wafike.

"Nilikuwa nafanya nini?" nikamwuliza.

"Ulikuwa unaniigizia yule mama wa lifti. Na mbwa." Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. "Nilicheka, mama. Nilicheka sana, usijue."

Nilikumbuka. Nilikumbuka vizuri kwamba mchana ule nilijiona nimepatia. Nilikuwa nimeongeza kitu kipya, yule mama akimwuliza mbwa habari za familia, na binti yangu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi nikafikiri, jioni nitamfanyia baba yake.

Tulikuwa tumeegesha chini ya ghorofa. Watu walikuwa wanaingia na mifuko yao. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa uchungu. Nilistaajabu. Mimi niliyekuwa najisifu kwamba najua kicheko cha uongo hata kikiwa chumba cha pili, nilikaa uso kwa uso na msichana aliyepata habari ya kufiwa na baba yake muda mfupi uliopita, na sikuona kitu.

"Uliwezaje?" nikamwuliza.

Alifikiri. "Nilijiambia yuko kazini," akasema. "Kama wewe hujui, basi bado yuko kazini."

Nilimshika mkono. Alipanda na mimi juu, akalala kitandani kwangu bila kuvua soksi, kama alivyokuwa akifanya akiwa na homa.

Kwenye ile kazi waliniondoa kwenye nafasi ya mke wa fundi umeme, wakaniambia nipumzike, nirudi nikiwa tayari. Niliporudi walinipa goti. Nyumbani kikohozi kilikoma. Lifti ikawa inasimama kwa ajili ya majirani, na nyayo zikawa zinakwenda kwenye milango mingine. Nilidhani nitashukuru. Jioni nilikuwa nazima redio, nazima na feni ya jikoni, nakaa nasikiliza, na kinachokuja ni friji tu.

Kitu kingine nacho kikanibakia, ambacho sikukitarajia. Vicheko vya watu vikaanza kunitia wasiwasi. Kanisani mchungaji anasema utani, watu wanacheka, mimi naangalia nyuso zao moja moja. Jirani anacheka nikimsimulia jambo, nami natafuta kwenye macho yake kitu anachokijua mimi sikijui.

Na wakati huo huo ndipo mwalimu wetu alipoamua darasa lionyeshe mchezo, na mchezo wenyewe ukawa wa kuchekesha. Tulitunga wenyewe, habari za ghorofa ambalo lifti yake imeharibika na wapangaji wanakutana ngazini kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa mama mkorofi wa juu kabisa. Tulionyesha kwenye ukumbi wa kanisa moja, viti vya kukunja, jukwaa la mbao lililokuwa linalia ukikanyaga katikati. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo karibu miaka hamsini. Nilipanda, nikasema maneno yangu ya kwanza, na ukumbi mzima ukacheka.

Nilisimama nikawaangalia. Niliwaona watu kwenye giza la ukumbi, meno yao, mabega yanavyotikisika, na wazo pekee nililokuwa nalo ni kwamba kuna jambo limetokea, wote wanalijua, na wananichekea ili nisijue. Sikukumbuka neno hata moja. Mwenzangu, mzee wa Kijamaika aliyestaafu udereva wa basi, ambaye kwenye mchezo alikuwa mume wangu wa ugomvi, aliona. Akaniambia kwa sauti ya jukwaani, kama sehemu ya mchezo, "Mke wangu, umepanda ngazi zote hizi unikasirikie halafu unanyamaza?" Watu wakacheka zaidi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikamjibu, na kuanzia hapo nilikwenda mpaka mwisho. Wanasema nilikuwa mzuri.

Nilipotoka, binti yangu alikuwa amesimama karibu na mlango na koti langu mkononi. Mume wake alinipongeza, watu walinishika mikono. Yeye alisubiri wakapungua.

"Sikucheka, mama," akaniambia kwa Kiswahili. "Uliniona?"

"Nilikuona," nikasema.

Na ni kweli nilimwona. Safu ya pili, pembeni, uso mkavu, ananitazama tangu mwanzo mpaka mwisho.

Sasa hivi tunafanya mazoezi ya mchezo mwingine, na mimi nimepewa mwanamke ambaye hakuwahi kuolewa. Hana maneno mengi. Kuna sehemu ndefu anakaa dirishani peke yake wakati wengine wanapanga vitu vya safari nyuma yake. Mwalimu anataka nikae tu. Anasema mama huyu hamsubiri mtu, hamkumbuki mtu, anaangalia mvua kwa sababu mvua inanyesha. Tumeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Ananiambia, "Unamfikiria nani? Usimfikirie mtu." Nakaa vizuri, nalegeza mabega, naangalia mahali palipo na dirisha la kujifanya. Mwalimu anasubiri. Wenzangu wanasubiri na masanduku yao mikononi. Bado sijaweza.